Jioni Moja, Mikono Miwili: Ufume au Upike?

Kuna jioni huja zenyewe. Mgeni uliyemngoja ameahirisha, kazi imeisha mapema, mvua imefunga njia, na mara unajikuta na saa tatu zisizo na mwenyewe. Kwenye kona ya kochi kuna kikapu chenye bonge la uzi, sindano mbili zimechomekwa humo tangu wiki iliyopita. Jikoni kuna vitunguu, viazi, na dengu nusu kopo. Ukae ufume, au usimame upike?

Wengi hujibu haraka kwamba watafanya vyote viwili. Nami nilikuwa hivyo, na nina sweta linalonuka kitunguu kama ushahidi. Kuna namna ya kuviunganisha bila hasara, na nitaieleza, lakini kwanza tuvitenganishe, maana kwa mbali vinafanana kuliko vilivyo. Nimevifanya vyote viwili kwa starehe miaka mingi, na tofauti ninayoiona kubwa kuliko zote ni hii: chungu hukupa kitu leo hii ila hakikuruhusu kurudi nyuma, na uzi hukuruhusu kurudi nyuma kadiri upendavyo ila leo haukupi kitu. Tofauti nyingine karibu zote zimezaliwa na hiyo.

Unataka kumaliza, au unataka kuendelea?

Supu ya dengu nyekundu haimalizi saa moja. Kaanga kitunguu, tia dengu na maji, acha zitokote dakika 20 hadi 25 mpaka zivunjike zenyewe, kamulia ndimu, kaa mezani. Umeanza jambo, umelimaliza, umeshiba, na bakuli tupu liko mbele yako kuthibitisha. Kwa mtu ambaye siku nzima ameshinda na kazi zisizokwisha, ripoti inayorudishwa kila mara, mtoto asiyelala, mafundi wasiofika, huo mwisho wenyewe ni dawa. Hakuna aliyekukatiza, na kitu kimeisha.

Sasa chukua skafu ya kawaida, ile rahisi kabisa. Tuseme ina vitanzi 40 kwa upana na mistari 400 kwa urefu. Hivyo ni vitanzi 16,000. Ukifuma vitanzi 25 kwa dakika bila kusita, utahitaji karibu saa 11. Anayejifunza anafuma labda vitanzi 10 kwa dakika akiwa na bahati, na kwake hiyo ni zaidi ya saa 26, bila kuhesabu muda wa kukuna kichwa. Kwa jioni moja ya saa tatu, mwanafunzi huyo atakuwa na kipande kifupi cha kufunika goti moja, na si goti la mtu mnene.

Ukiiangalia skafu kama kazi ya kumaliza, utakata tamaa kabla ya bonge la pili. Anayefuma kwa raha hafumi ili amalize. Anafuma ili kesho pawe na pa kurudia. Unaketi, unaokota sindano, na mkono unakumbuka ulipoachia. Huhitaji kuamua chochote wala kutafuta mahali pa kuanzia. Jambo hilo lina utulivu wake, na supu haina, kwa sababu supu kila siku inaanza na ubao mtupu na swali lile lile la "leo tunapika nini?"

Watu walihangaika zamani kufupisha mambo yote mawili. Mwaka 1589 Mwingereza William Lee alibuni mashine ya kufumia soksi. Mwaka 1679 Mfaransa Denis Papin alionyesha chungu chenye mfuniko wa kubana, babu wa sufuria ya presha ya leo, ambamo maji hufika karibu nyuzi joto 120 badala ya 100 na nyama ngumu hulainika upesi. Leo ni wachache wanaolazimika kufuma soksi kwa mkono, au kukaa saa nzima wakilinda maharagwe. Wanaoendelea kufanya hivyo wanafanya kwa kupenda, na mtu akikucheka kwamba soksi zinauzwa tayari, mwambie unajua.

Kwa hiyo jiulize hapo mlangoni kabla hujavua viatu: siku yangu imekosa nini? Kama imekosa mwisho, nenda jikoni. Kama imekosa uzi wa kuishikilia, kila kitu kimekuja vipande vipande, kaa ufume.

Ukikosea itakuwaje

Hapa ndipo vinapoachana kabisa, na hapa nataka tukae kidogo.

Kwenye kufuma, kosa linalowatisha wanaoanza ni kitanzi kuponyoka. Unasikia kitu kimelegea, unatazama chini, na kitanzi kimoja kimetoka kwenye sindano na kushuka mistari mitano, kimeacha nyuma yake ngazi ndogo ya nyuzi zilizolala. Wengi huivuta kazi kwa hofu, na kuvuta ndiko kunakokishusha zaidi. Usivute. Laza kazi mezani au gotini. Chukua kulabu ya kufumia, ndogo kidogo kuliko sindano zako, ichomeke kwenye kile kitanzi kilichoponyoka, shika uzi wa kwanza wa ngazi, upitishe ndani ya kitanzi. Umepanda mstari mmoja. Fanya tena. Ukifika juu, kirudishe kitanzi kwenye sindano kikiwa kimetazama upande sawa na wenzake. Mara ya kwanza itakuchukua dakika kumi na jasho. Mara ya ishirini utaifanya huku unazungumza.

Na likikushinda kabisa, unafumua. Unachomoa sindano, unavuta uzi, mistari inafunguka na sauti yake nyororo kama mvua ya mbali, unakunja bonge, unaanza tena. Uzi ule ule. Umepoteza muda tu, na kama nilivyosema, muda ndio uliokuja kuutumia. Ziko nyuzi zisizosamehe: zile zenye manyoya marefu hunasana zenyewe kwa zenyewe na kufumua kwake ni kama kuchambua nywele zenye gundi. Mwanafunzi azikwepe.

Jikoni ni maji yakimwagika hayazoleki. Chumvi ikizidi imezidi. Utaambiwa utie kiazi kibichi "kinyonye chumvi". Kiazi kinanyonya maji yenye chumvi, kwa hiyo unachobaki nacho ni mchuzi pungufu wenye chumvi ile ile. Njia ya kweli ni kuongeza wingi: maji, dengu, nyanya, viazi zaidi, na kukubali kwamba mtakula supu hiyo siku mbili. Ndimu kidogo hufanya ulimi usiilaumu chumvi sana, lakini hiyo ni kumdanganya mlaji, haijaondoa kitu.

Ikiungua, usikoroge. Hili ni kosa ninaloliona kila mahali: mtu anasikia harufu, anakimbia, na jambo la kwanza ni kukwangua chini kwa mwiko. Hapo ameusambaza uchungu chungu kizima. Epua, mimina kilichoko juu kwenye sufuria nyingine bila kugusa chini, onja. Mara nyingi nusu na zaidi inaokoka.

Lakini nisiutukuze uzi kupita kiasi, maana nao una dhambi yake moja isiyosameheka. Sufu imefunikwa magamba madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Maji ya moto, sabuni na kusuguliwa huyafanya magamba hayo kushikana, kitambaa kinasinyaa na kuwa kigumu kama zulia, na hakirudi. Nilifuma sweta miezi minne, mikono yake nikaifumua mara tatu mpaka ikakaa sawa, kisha nikalitupia kwenye mashine pamoja na mashuka kwa sababu nilikuwa na haraka. Lilitoka likimtosha mwanasesere. Makosa yote ya miezi minne yalisameheka, na la dakika moja halikusameheka.

Na kuna kosa linalojificha, la vipimo. Kielelezo, yaani maelekezo ya kufuma sweta, kinasema upate vitanzi 20 kwa kila sentimita 10. Wewe unabana mkono, unapata 22. Unasema vitanzi viwili ni nini. Sweta lililopaswa kuwa na mzunguko wa sentimita 100 lina vitanzi 200. Kwa mkono wako litatoka sentimita 91. Sentimita tisa ni tofauti kati ya sweta unalolivaa na sweta unalomgawia mdogo wako. Ndiyo maana wazoefu hufuma kwanza kipande cha majaribio, mraba wa sentimita 15 hivi, wakakifua, wakakikausha, ndipo wakahesabu vitanzi katikati yake. Kinachosha, najua. Kwa skafu ruka, hakuna shingo itakayolalamika. Kwa sweta usiruke.

Chungu hakina mahitaji hayo. Kinataka uonje tu, tena mapema na mara nyingi. Chovya chovya humaliza buyu la asali, ni kweli, lakini asiyechovya hugundua mezani.

Mwili unasemaje

Kupika ni kusimama. Kufuma ni kukaa. Ukirudi na miguu iliyovimba, jibu limeshatoka. Lakini ukitoka kwenye kazi ya kukodolea kioo na kupiga chapa kutwa, mikono, shingo na macho vyako vimefanya tayari karibu kazi zile zile za kufuma, na kochi halitakupumzisha kama unavyodhani. Mtu huyo ningemwambia akate viazi, au akande unga.

Kukanda unga ni habari ya peke yake. Dakika kumi za kusukuma, kukunja na kugeuza, mabega yanafanya kazi, vidole vinapumua, na donge lililokuwa limeparuza linaanza kulainika chini ya kiganja mpaka ukilibonyeza linarudi taratibu. Kwa hasira hakuna kama hiyo. Kufuma ukiwa na hasira ni hatari kwa kazi: mkono unabana, vitanzi vinakuwa vidogo, na kesho yake unaona kabisa ule mstari ulipogombana na mtu.

Anayefuma muda mrefu apumzishe mikono kila nusu saa, anyooshe vidole, azungushe viwiko. Maumivu ya kifundo cha mkono huanza kama mchezo. Sindano za mbao au mianzi hushika uzi kidogo na ni nyepesi, zinamfaa anayeanza na mwenye viungo vinavyouma. Za chuma huteleza na kwenda kasi, zinampendeza mzoefu.

Kichwa kinabaki wapi

Watu hulinganisha kufuma na kupika kana kwamba kila kimoja ni kitu kimoja. Tofauti kati ya skafu ya mistari mitupu na shali ya matundu ni kubwa kuliko tofauti kati ya skafu hiyo na chungu cha maharagwe.

Mistari mitupu, mbele na nyuma vitanzi vya namna moja, inaacha kichwa huru. Unasikiliza redio, unaongea na mama kwa simu, unafuatilia filamu. Shali ya matundu inakufunga: kila mstari una hesabu yake, na mtu akikuuliza saa ngapi unamjibu "kumi na saba, kumi na nane" mpaka akuache. Soksi zina sehemu zote mbili. Kiwiliwili kinaenda chenyewe, kisigino kinataka ukimya. Halafu zinakuja na ugonjwa wake maarufu: ukimaliza ya kwanza, moyo unaamini umemaliza. Nina soksi moja moja za kutosha jirani wote wenye mguu mmoja baridi.

Jikoni ni vivyo hivyo. Maharagwe, supu ya mifupa, nyama ya mguu au ya bega inayotaka saa mbili hadi tatu za moto mdogo, hivyo havitaki utazamwe. Ule ugumu wa nyama ya namna hiyo ni kolajeni, protini inayoshikilia nyama pamoja, na kwa moto wa polepole huyeyuka ikawa ule utelezi unaougandisha mchuzi ukipoa. Huwezi kuiharakisha kwa kuikodolea macho. Kinyume chake, sukari unayoiunguza kwa ajili ya kastadi, au maziwa yanayokaribia kuchemka, hayaruhusu hata kupepesa. Vitunguu vya kuivishwa taratibu mpaka viwe rangi ya asali viko katikati: dakika 40 au zaidi, ukoroge kila baada ya dakika chache. Mapishi yanayosema dakika kumi yanakudanganya.

Kwa hiyo swali la haki kwa jioni yako ni kiasi gani cha kichwa unataka kukikodisha. Kama mawazo yanakusumbua na unataka yanyamaze, chagua kilicho kigumu, iwe shali au kastadi, kwa sababu kinayafukuza. Kama mawazo unayataka, una jambo la kuamua, unamkumbuka mtu, chagua mistari mitupu au chungu cha polepole. Nimeamua mambo makubwa ya maisha yangu nikiwa na skafu mkononi. Kwenye kastadi sijaamua lolote.

Cha kuanzia

Kupika kunashinda kufuma kwa urahisi wa kuanza; sufuria unayo tayari. Ukitaka chakula cha faraja kisichokudai ujuzi, anza na supu ya dengu au ya viazi, maana zote mbili hukubali kupondwa, na kilichopondwa kinaficha mkono usiozoea kisu. Nyama ukitaka iwe na ladha, ikaange kwanza mpaka iwe kahawia kabla ya kutia maji. Rangi ile na harufu yake vinahitaji joto la nyuzi 140 hivi, na maji yakichemka hayapiti 100, kwa hiyo nyama iliyoanzia majini haitakuja kuwa nayo.

Maharagwe mekundu yana sharti moja ambalo si la ladha. Yana lektini, sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara, na chakula kinachotokota kwa joto la chini ya mchemko hakiiondoi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, tia mapya, uyachemshe kwa nguvu kabisa angalau dakika 10 (wengine hushauri 30, nami nafuata hao), ndipo upunguze moto. Wenye chungu cha umeme cha kupika polepole wayachemshe kwanza kwenye sufuria.

Kwa kufuma, nunua sindano za milimita 5 na bonge moja la gramu 100, uzi mnene wa wastani, uliosokotwa vizuri, rangi nyepesi. Rangi nyeusi itakuficha vitanzi vyako mwenyewe, hasa usiku. Kuhusu aina ya uzi: sufu inanyumbuka, hivyo inasamehe mkono usio sawa, na inaweza kunyonya unyevu hadi kama asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi imelowa, ndiyo maana inapasha moto hata siku ya manyunyu. Pamba hainyumbuki na ni nzito, lakini inafulika na kuvumilia joto. Akriliki, uzi wa jamii ya plastiki, ni nyepesi, haishindwi na mashine ya kufulia, ila ikikutana na moto inayeyuka. Ukiwaza kufuma kishikio cha kuepulia sufuria, fuma kwa pamba. Cha akriliki kitakuyeyukia mkononi.

Na kulabu, je? Wapo wanaoanza nayo na hawahami. Kulabu ina kitanzi kimoja tu kinachofanya kazi kwa wakati, hivyo hofu ya vitanzi kuponyoka karibu haipo, na kazi inakua haraka. Kitambaa chake ni kinene na kigumu zaidi, kizuri kwa vikapu, wanasesere na blanketi za viraka, kisichoanguka vizuri mwilini kama cha sindano mbili. Kwa sweta na soksi mimi ningeshika sindano. Kwa mtu asiye na subira kabisa, kulabu.

Ukinilazimisha nikuchagulie kazi ya kwanza moja, nitasema acha skafu. Fuma kitambaa cha kuoshea vyombo: pamba, vitanzi 40, mistari mitupu mpaka kiwe mraba. Jioni mbili au tatu kimekwisha, kikipinda hakuna anayejali, na kesho yake kiko jikoni kinafanya kazi.

Ukitaka kumpa mtu

Aliyefiwa, aliyejifungua, aliyetoka hospitali: mpelekee chakula. Njaa yake ni ya leo, na blanketi lako litafika akiwa ameshapona. Peleka kitu kinachopashwa moto bila maelezo, kwenye chombo ambacho hutaki kirudishwe, na mwambie hivyo waziwazi, maana mtu mwenye msiba hapaswi kuhesabu vyombo vya watu. Kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili.

Kilichofumwa kinafaa kwa lenye tarehe ya mbali. Mtoto atakayezaliwa baada ya miezi mitano, rafiki anayehamia kwenye baridi. Uliza kwanza mambo mawili: sufu haimwashi? Atakubali kufua kwa mkono? Kama hapana, tumia uzi unaofulika kwa mashine na usijione umeshuka hadhi. Kwa kichanga fuma kofia au soksi zisizo na vishada wala vifungo vya kunyofoka; blanketi liwe la kumbebea au la sakafuni akiwa macho, si la kumwachia kitandani, kwani mtoto chini ya mwaka hashauriwi kulala na vitu vilivyolegea. Na tukiwa huko, asali usimtilie kwenye uji kabla ya mwaka mmoja.

Usimfumie sweta mtu usiyemjua vizuri. Utamwangalia kila mkikutana kama amelivaa. Supu haina udhia huo, ikiliwa imeliwa.

Vyote viwili kwa jioni moja

Inawezekana, kwa sharti kwamba kimoja kijiendeshe. Ukipika kinachodai macho, usiguse sindano. Ukifuma kinachodai hesabu, kula kiporo. Kilichobaki ni kuoanisha muda.

Mkate unakwenda vizuri na kofia: hamira inaumua donge saa moja au zaidi, huo ni ukingo wote wa kofia, donge linakandwa tena, linaumuka nusu saa, umeongeza mistari, linaokwa, umefika karibu na utosi, na nyumba nzima inanukia. Nyama ya moto mdogo inataka kazi ndefu isiyo na mawazo, kiwiliwili cha sweta au blanketi. Supu ya dengu ni fupi mno, usihangaike kukaa.

Kukaanga kwa mafuta hakuendi na kufuma kokote. Mafuta yanaruka, mvuke wake unaingia kwenye uzi, na sufu hushika harufu kuliko pazia. Kata vitunguu kwanza, osha mikono kwa sabuni, kausha vizuri, hamisha kikapu kwenda chumba kingine, ndipo uketi.

Adui mkubwa ni maneno "mstari mmoja tu." Nilikuwa na chungu cha maharagwe kimebakiza maji ya kutosha dakika kama kumi, na mkono wa sweta umebakiza mistari minne. Nikasema nimalize huu. Kisha ule. Pua ilinistua nikiwa kwenye wa sita, maana nilikuwa nimeunganisha kabisa na sehemu iliyofuata. Maharagwe ya chini yalikuwa makaa. Ya juu niliyaokoa kwa namna niliyoeleza, yalilika. Sweta nililining'iniza dirishani siku nne.

Tangu siku hiyo natega kengele ya simu, nayo naiacha jikoni na si kando yangu, ili kuizima kunilazimishe kusimama. Leo maharagwe yameloweshwa tangu jana usiku, yamekwisha chemshwa kwa nguvu, yanatokota. Mkono wa kushoto wa sweta umebakiza mistari 22. Kengele ni ya dakika 20, na kikapu kiko mbali na mlango wa jikoni.